Shajara ya mradi: kompyuta mpakato inayochemka

Jumamosi asubuhi: vipimo kwanza

Mashine ni ya mdogo wangu. Anaitumia kwa masomo na kuhariri video, na siku hizi anaibeba kwa shingo upande. Feni inavuma hata pale ambapo hajafungua chochote, vitufe vya upande wa kushoto vinachoma vidole, na kutoa video fupi iliyokwisha kuhaririwa kunachukua muda mrefu kuliko kuipiga. Akiiweka kitandani ndiyo kabisa: inafanya kazi kidogo, kisha inazima papo hapo bila onyo lolote.

Ushauri aliokwisha kupewa ni uleule: badilisha pasti ya joto, ule uji mzito unaopakwa juu ya kichakataji ili joto lake lipite kwenda kwenye shaba ya kupozea. Huenda ni kweli, lakini leo sishiki bisibisi. Nikifungua, nikasafisha, nikapaka pasti, nikafuta na programu kwa mpigo mmoja, mashine inaweza kupoa nisijue kilichoiponya ni nini. Ikianza tena kuchemka baada ya miezi kadhaa nitakuwa palepale nilipoanzia.

Utaratibu niliojiwekea: meza ileile ngumu, chaja imechomekwa, kipimajoto cha chumba kando yake. Kwanza naiacha ikae bila kazi mpaka namba zitulie. Halafu naipa mzigo wa viini vyote, yaani sehemu zote za kichakataji zinazofanya hesabu, mpaka joto na kasi viache kubadilika, ndipo naandika. Upande wa Windows natumia HWiNFO, programu ya kusoma joto, kasi na wati. Upande wa Linux, mfumo mwingine ambao nitauwasha kutoka kwenye flashi, natumia lm-sensors kusoma na stress-ng kubebesha mzigo.

Kichakataji ni Core i5-8250U, cha mwaka 2017: viini vinne, nyuzi nane za kazi (kila kiini kinashika mbili kwa pamoja), kasi ya msingi gigahezi 1.6, na kikichangamka kinafika 3.4. Kimetengenezwa kwa bajeti ya wati 15, na kikomo chake cha joto ni digrii 100.

Chumba leo kina digrii 26. Bila kazi yoyote kichakataji kipo kwenye 67. Nilipokipa mzigo, hata sijamaliza kuvuta kiti, kilikuwa kimegota 100 na kubaki hapohapo kama kimegongomelewa.

Hapa ndipo wengi wanapoishia. Wanaona 100, wanashtuka, wanafunga. Lakini 100 yenyewe hainiambii mengi, kwa sababu kichakataji kikifika kikomo kinajipunguzia kazi ili kisikivuke. Mashine iliyoziba kabisa na mashine iliyoziba nusu zote zitaonyesha 100. Namba ya kutazama ni iliyo mistari michache chini yake: wati. Kwenye digrii 100 kichakataji hiki kinatumia wati 9 tu, na kasi imeshuka hadi gigahezi 1.3, chini hata ya ile ya msingi. Kina ruhusa ya wati 15 lakini hakina pa kuzitupa.

Kwa hiyo naweka hesabu moja itakayonifuata mradi mzima: toa joto la chumba kwenye joto la kichakataji, gawa kwa wati. Mia toa 26 ni 74. Gawa kwa 9, napata digrii 8.2 kwa kila wati. Nikijaribu na ile hali ya kukaa bila kazi, 67 toa 26 ni 41, na wati zilizosomeka zilikuwa 5: tena 8.2. Namba mbili zinakubaliana, basi kipimo kinaaminika. Faida nyingine ni kwamba siku chumba kikiwa na joto zaidi sitadanganyika kudhani mashine imeharibika upya.

Ila hiyo 5 inaniudhi. Mashine isiyofanya kitu inakula wati 5 za nini?

Jumamosi mchana: asilimia 12

Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendelea, ilionyesha programu msaidizi ya printa, ya kutafuta masasisho, iko juu ya orodha ikitumia asilimia 12 na kitu. Mdogo wangu alikuwa ameshaiona zamani. Hakuijali, maana asilimia 12 inaonekana kama kitu kidogo. Lakini kwenye kichakataji chenye nyuzi nane za kazi, uzi mmoja ukijaa pomoni unahesabiwa 12.5. Yaani hiyo programu ilikuwa imekwama kwenye duara, ikikimbiza kiini kimoja kwa nguvu zake zote, usiku na mchana, pengine tangu siku ilipowekwa. Na Windows ikiona uzi mmoja unahangaika inaupa kasi ya juu kabisa, ile 3.4, ambayo ndiyo ghali zaidi kwa umeme.

Printa yenyewe alishampa mtu. Nimeifuta programu nzima.

Bila kazi sasa: wati 2, digrii 42. Feni imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu mashine iingie humu ndani.

Ingekuwa rahisi kufunga shajara hapa na kumrudishia mashine yake. Nikarudia mzigo wa viini vyote: 100, wati 9, gigahezi 1.3, hakuna kilichosogea. Nikawasha Linux kutoka kwenye flashi ili nitoe kabisa programu zake zote kwenye hesabu. Namba zilezile. Kulikuwa na magonjwa mawili, na lile la programu lilikuwa limelifunika la chuma. Kimya cha feni kingedumu mpaka siku atakapotoa video nyingine.

Virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali nimevitafuta pia, sikuviona.

Jumapili: kufungua

Betri kwanza, kabla ya skrubu. Niliiweka mashine kwenye meza nikaitazama kwa ubavu: padi ya kugusa imelala sawasawa na mwili, kava la chini halijatuna, mashine haichezi ikiwekwa. Betri ya lithiamu iliyovimba hujitangaza hivyo, na ningeona dalili hiyo nisingeendelea. Betri ya namna hiyo haichokonolewi wala haibonyezwi irudi. Nikaizima mashine kwa kushikilia Shift wakati nabonyeza kuzima, maana bila hivyo Windows mara nyingi huwa haizimi kabisa, inajihifadhi tu ili iwake haraka kesho yake.

Skrubu za kava zina urefu tofauti: ndefu zipo nyuma karibu na bawaba, fupi zipo mbele. Nimechora umbo la kava kwenye karatasi na kuichomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutokeza upande wa pili, na upande wa pili wa mashine ni vitufe. Kadi ya plastiki ikatosha kuachanisha vibano vya pembeni. Kitu cha kwanza baada ya kava kutoka: kuchomoa plagi ya betri kwenye ubao mama. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Kwa juujuu ndani ni kusafi. Vumbi kidogo kwenye pembe, nywele mbili tatu. Ukitazama hapo tu utasema vumbi halihusiki. Ikabidi nifungue kifuniko cha feni, ndipo nikakutana nalo: kati ya feni na mapezi ya shaba, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, kuna tabaka la vumbi lililoshikamana, limelala kwenye mdomo wa mapezi kutoka ncha hadi ncha, kama blanketi. Nililivuta kwa kibanio likatoka kipande kizima, limebeba chapa ya mistari ya mapezi upande mmoja. Nililiinua kwenye taa, na mwanga haukupita.

Hilo linaeleza kwa nini kupuliza kwa nje, jambo ambalo mdogo wangu alilifanya mara kwa mara na kwa bidii, halikufua dafu. Hewa ikipulizwa kupitia matundu ya kutolea joto inalisukuma tabaka hilo nyuma kuelekea kwenye feni. Kidogo kinavunjika na kutoka, kikubwa kinabaki ndani. Feni ikiwaka inakirudisha palepale kilipokuwa. Tabaka la namna hii halina njia ya kutokea isipokuwa kwa kufungua.

Mapezi nimeyapitia kwa brashi laini na kopo la hewa, feni nimeishikilia kwa kidole nisiiache izunguke. Ikipulizwa ikazunguka kwa kasi isiyo yake inaumiza beringi, na mota yake ikizungushwa hivyo inazalisha umeme. Mashine ya kufyonza vumbi nimeiacha kabatini: kichwa chake cha plastiki na vumbi linalosugua ndani yake huzalisha umeme tuli, na ubao mama hauupendi. Halafu nikaisukuma feni kwa ncha ya kidole, mkono mwingine ukiwa nyuma ya sikio. Inazunguka kwa urahisi, ila mwishoni kuna mkwaruzo mdogo sana. Nimeuandika, nimeuacha.

Bomba bapa la shaba linalotoka kwenye kichakataji hadi kwenye mapezi nimelikagua kama limepinda au limebonyea. Ndani yake kuna tone la maji tu, limefungiwa kwenye shinikizo dogo ili lichemke mapema. Mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji na kufyonzwa na kuta za ndani kurudi kwenye joto. Likibonyea mzunguko huo unakwama, na hakuna pasti itakayousaidia. Hili ni zima.

Pasti sijaigusa, makusudi. Nimefunga, nimewasha. Chumba leo kina digrii 28.

Mzigo kamili: wati 15, gigahezi 2.4, digrii 90. Tisini toa 28 ni 62, gawa kwa 15: digrii 4.1 kwa wati. Nusu ya ile ya jana.

Kwa mtu anayetazama nyuzijoto pekee, nimetumia nusu siku kushusha joto kutoka 100 hadi 90. Kwa anayetazama wati, mashine imeongeza kazi kwa zaidi ya nusu ya iliyokuwa ikiweza na bado imepoa.

Jumapili usiku: kiini kimoja kinatofautiana

Kabla ya kulala nimerudia kusoma namba za kila kiini peke yake. Vitatu viko kwenye 80 na 81, cha nne ndicho chenye 90. Mzigo ni sawa kwa vyote. Tofauti ya digrii moja mbili ni ya kawaida kwa sababu ya mahali kiini kilipokaa, lakini tisa au kumi ni mwanya: sehemu moja ya kichakataji haigusani vizuri na sahani ya shaba iliyolala juu yake kupokea joto. Ushauri wa pasti haukuwa upuuzi, basi. Ulikuwa umeruka hatua tu.

Pasti ilipofika

Skrubu za sahani ya shaba zimeandikwa namba. Kufungua naenda kinyume cha namba, kila moja nusu mzunguko kwanza, ili sahani isiinuke upande mmoja na kukibana kichakataji pembeni. Kwenye kompyuta za mezani kichakataji kina kofia ya chuma. Hiki kiko wazi, kipande cha silikoni chenye kung'aa, na pembe zake hukatika kirahisi.

Pasti ya zamani ilikuwa imekauka. Kingoni kuna kilima kilichorundikana, lakini ndani ya kingo hizo, kuelekea pembe moja, silikoni inaonekana kabisa. Haikuibwa na mtu: kila mashine inapopata joto na kupoa, sahani na kichakataji vinatanuka na kunywea kwa viwango tofauti, na kila mara pasti inasukumwa kidogo kuelekea nje. Miaka ikipita katikati kunabaki hewa. Hewa inapitisha joto kwa kiwango cha 0.026 hivi, kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii, na shaba karibu 400. Pasti za kawaida ziko chini ya 10 au hapo karibu. Yaani pasti ni mbaya mno ikilinganishwa na shaba na nzuri mno ikilinganishwa na hewa. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo ambamo hewa ingekaa, basi. Anayeipaka nene akidhani anaongeza dawa anaongeza kizuizi.

Nimesafisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, pande zote mbili, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kwa kuwa silikoni iko wazi, sikuacha tone katikati lijisambaze lenyewe. Nimeipaka pasti uso mzima kwa kadi, nyembamba, hadi pembeni. Kona isiyopakwa hapa ni kona ya kiini.

Kuna waliopendekeza metali kimiminika. Inapitisha joto vizuri sana, kweli, lakini inapitisha na umeme, na galiamu iliyomo inaila alumini. Tone likikimbilia kwenye vijidude vidogo vilivyozunguka kichakataji hatuongelei tena kupoza, tunaongelea kununua ubao mama. Na waliopendekeza dawa ya meno wasubiri maji yake yakauke waje tuzungumze.

Pedi laini zinazogusa vijenzi vya umeme kando ya kichakataji bado zina unyevu wake na hazijachanika. Nimeziacha. Pedi mpya ikizidi unene wa ile ya zamani hata kwa nusu milimita inaweza kuinua sahani yote, na pasti ikawa inaelea.

Kukaza kwa namba, mshazari, kidogokidogo. Nilipowasha, saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma na BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine, ikauliza tarehe. Ndiyo kawaida kwa baadhi ya mashine betri inapochomolewa.

Chumba digrii 25. Mzigo kamili: wati 15, digrii 75, viini vyote vinne vikiwa ndani ya tofauti ya digrii mbili. Hamsini gawa kwa 15, digrii 3.3 kwa wati. Kutoka 8.2 hadi 4.1 ilikuwa vumbi, kutoka 4.1 hadi 3.3 pasti.

Malalamiko mapya

"Dada, mbona bado inachemka? Nimeona 93 kwa macho yangu."

Ameiona kweli. Nimemwomba aitoe video mbele yangu, tukaitazama pamoja. Kwa nusu dakika hivi ya mwanzo kichakataji kinaruhusiwa kuvuka bajeti yake, kikavuta wati 25 na zaidi, kwa hesabu kwamba chuma bado ni baridi na kina nafasi ya kumeza joto. Hapo ndipo 93 inapotokea. Muda huo ukiisha kinarudi kwenye 15 na joto linateremka lenyewe mpaka sabini na kitu. Zamani hakuwahi kuliona hilo kwa sababu mashine ilikuwa ikigota 100 na kukaa huko mwanzo mpaka mwisho. Sasa ina pumzi ya kukimbia, ndiyo maana namba inaruka.

Hakuridhika sana. Tumekubaliana hivi: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nimemtengenezea mpango wa pili ambao kiwango cha juu cha kichakataji ni asilimia 99. Ile asilimia moja inayokosekana inazima uchangamfu wote wa ziada, kichakataji kikabaki kwenye kasi ya msingi. Kwa kusoma, kuandika na kuangalia masomo hatasikia tofauti kubwa, na feni haitaamka. Kwa video arudi kwenye mpango wa kwanza na aivumilie hiyo 93. Mwenyewe ningeuacha mpango wa kwanza siku zote, lakini mashine si yangu.

Kwenye BIOS nimeweka pia kikomo cha kuchaji, asilimia 80, kwa sababu anaishi na chaja ukutani. Betri iliyojaa na yenye joto huzeeka haraka, na kujaza betri kwenyewe ni chanzo cha joto ndani ya kasha lilelile.

Joto la ndani ya begi

Jambo ambalo halikuwamo kwenye malalamiko ya mwanzo: anafunga kifuniko, anaitia mashine kwenye begi, akiitoa inachoma na betri imekwisha. Alidhani ni ugonjwa uleule. Sio.

Amri "powercfg /a" ilionyesha kwamba usingizi pekee unaopatikana ni ule wa S0, ambao mashine hailali hasa. Inazima skrini na kubaki macho kidogo, tayari kupokea ujumbe na masasisho. Ndani ya begi hakuna pa kuvutia hewa wala pa kuitolea. "powercfg /sleepstudy" ikatoa ripoti yenye mistari mirefu ya saa ambazo mashine ilitakiwa kuwa imelala kumbe inahangaika na mtandao wa Wi-Fi. Nimebadilisha tendo la kufunga kifuniko: badala ya kulala, ihifadhi kila kitu kwenye diski na izime kabisa. Kuwaka kunachelewa kidogo. Amelalamika kuhusu hilo pia, safari hii bila ukali.

Hali ilivyo sasa

Bila kazi: wati 2, na joto limezidi la chumba kwa digrii chache tu, feni imelala. Mzigo kamili: wati 15 bila kutetereka, gigahezi 2.4, chini ya 80 kwenye meza. Nikiinua ukingo wa nyuma kwa vitabu viwili matundu ya chini yanapata hewa na zinapungua digrii nyingine tatu au nne. Nimejaribu na godoro pia, kwa kuwa najua ataiweka huko tu: inapanda mpaka 100 na kuanza kujipunguza, ingawa haijazima tena. Nimempa ubao wa kuandikia aweke chini yake.

Kilichobaki ni ule mkwaruzo wa feni. Usiku, chumba kikiwa kimya, sasa unasikika vizuri zaidi kwa sababu feni inazunguka polepole. Nimesoma namba ya modeli kwenye kibandiko cha feni na kuhakikisha plagi ina waya nne: umeme, ardhi, wa kusomea mizunguko na wa kuamrisha kasi. Ya kubadilisha nimeiagiza. Ikifika nafungua kava na kifuniko cha feni peke yake, sahani ya shaba haiguswi, halafu napima tena: chumba, wati, digrii.